Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama amezeeka

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Tanga sote hatujambo. Dada yako anakusalimu, mpwa wako naye anakusalimu, na yule kuku mweusi ameangua vifaranga saba. Mguu wangu unaendelea vizuri, ile dawa ya kuchua uliyoituma inasaidia.

Nakuandikia kwa sababu ya lile neno ulilolisema Jumapili kwenye simu. Ulikuwa unacheka, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, kicheko chako nakijua kikiwa hakina kitu ndani. Ulisema, "Mama, miezi minane nimejinyima, nimenunua mashine ya gemu, PS5, kwa jasho langu. Sasa nikiiwasha naangalia gemu zilizomo, nafungua hii naacha, nafungua ile naacha, halafu nazima nalala. Hivi nimezeeka?" Mtandao ukakatika, na uliporudi tukaanza habari za kodi ya nyumba. Swali lako likabaki kwangu wiki nzima.

Hili ni jambo ninaloweza kukujibu. Tangu 2006 mpaka 2016 nimekaa mlangoni pa kibanda chetu cha gemu hapa Ngamiani, napokea shilingi mia mia za watoto wa watu. Wenzangu waliuza vitumbua na maandazi, mimi niliuza dakika. Televisheni mbili za chogo, PS2 mbili, pedi nne ambazo mojawapo mara kwa mara ilikuwa kwa fundi. Wapo niliowapokea wananifika kiunoni, wakaacha kuja wakiwa na ndevu. Nimewaona wakibadilika mbele ya kioo kile mwaka hadi mwaka, na wewe nilikuona kuliko wote, maana hukulipa.

Ulipokuwa na miaka saba hukutaka mpira. Ulitaka Tekken 3, gemu ya kupigana, na ndani ya Tekken ulimtaka Eddy Gordo peke yake, yule Mbrazili anayepigana kwa capoeira. Watoto wote wa umri ule walimtaka yeye. Nilikaa nikatazama mpaka nikajua kwa nini. Eddy anambeba asiyejua. Ukibonyeza batani zote ovyo, yeye anazunguka, anaangukia mkono, anarusha teke, anainuka na teke lingine, na mtoto anaona kazi yote ile kaifanya yeye. Pedi ulikuwa unailaza sakafuni, unaikandamiza kwa viganja viwili kama mtu anayekanda unga, ulimi nje. Ukishinda unaruka. Ukishindwa unaruka pia. Wakati ule raha yako ilikuwa kugusa kitu na kukiona kikiitika, basi.

Ulipotimiza tisa au kumi Eddy ukamsahau kama hukuwahi kumjua, ukahamia Winning Eleven, gemu ya mpira, ile waliyoiita PES. Wewe na kundi lako mlikuwa na timu moja tu duniani, Inter ya Italia, na sababu yake mshambuliaji wao Adriano. Kwenye PES 6 nguvu ya shuti lake iliandikwa 99, na mlijua namba hiyo kuliko mlivyojua jedwali la nane. Mpira ukifika mguu wake wa kushoto, hata akiwa mbali, kibanda kizima kinanyanyuka kabla hajapiga. Kwa ajili ya Inter mlitaka kutoana macho. Unakumbuka nilivyoweka sheria kwamba anayefungwa anapisha, halafu nikaongeza nyingine kwamba Jumamosi Inter haichukuliwi na mtu. Mlininunia wiki mbili. Umri ule mtoto hatafuti mchezo, anatafuta kumshinda mwenzake mbele ya wengine, tena kwa silaha kubwa kuliko zote.

Siku niliyojua kwamba umekua si ile uliyovunja sauti. Ni siku moja, una kama miaka kumi na mitano, kibanda hakina wateja, mvua inanyesha, nikakuona umeingia Master League, pale unapoijenga timu msimu hadi msimu, na timu ya wale wachezaji wa mwanzo wasiojulikana na mtu, akina Castolo, Minanda, Ximelez, na golikipa Ivarov. Watu hao hawapo duniani, wametungwa tu, na kwa mpira walikuwa wabovu. Ulifungwa mechi tano mfululizo. Zamani ungezima. Safari hii uliinama, ukabadilisha kiungo, ukajaribu tena. Mvulana mmoja mdogo aliyekuja kujikinga mvua akakuuliza kwa nini huchukui Brazil. Ukamjibu bila kumtazama, "Brazil wameshakuwa wazuri, mimi nifanye nini sasa?" Niliacha kuhesabu sarafu nikakutazama. Msimu wa pili ulipopata pointi za kununua mchezaji mkubwa, ulimbakiza Castolo mbele. Ulimpenda kwa sababu mlitoka mbali pamoja.

Diski ni ileile, kibanda kilekile, pedi ileile iliyolegea upande wa kulia. Kilichokupa raha ukiwa na miaka tisa hukukitaka tena, na kile ulichokipenda ukiwa na kumi na tano kingekuliza ukiwa na tisa. Ndiyo maana mtu akiniambia gemu fulani ni nzuri au mbaya, mimi kwanza huuliza nzuri kwa nani, mwenye miaka mingapi, na siku hiyo ametoka wapi.

Jambo lenyewe ni la kale. Babu yako alikuwa mtu wa drafti ujanani, zile za vizibo vya soda, wa Fanta upande huu na wa Coca-Cola upande ule. Walicheza haraka, kwa kelele, wanapiga vizibo ubaoni mpaka jirani analalamika. Alipofika arobaini hivi akaiacha, akahamia kibaraza cha wazee kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, na mtu anakaa kimya dakika nzima ameshika kete mkononi, macho kwenye nyumba ya mwenzake. Bibi yako alidhani anaumwa. Kumbe alikuwa amechoka kushinda upesi. Alitaka kitu kinachomweka mpaka adhana ya Magharibi.

Sasa nije kwenye neno lako la uzee. Dada yako alinisomea juzi habari za utafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser kule Kanada, uliotoka mwaka 2014. Walichukua rekodi za wachezaji 3,305 wa gemu ya vita iitwayo StarCraft 2, watu wa miaka 16 hadi 44, wakapima mtu anachukua muda gani tangu aone jambo jipya kwenye kioo mpaka mkono wake ufanye kitu. Wakakuta kasi inaanza kushuka kwenye miaka 24. Wewe una 26. Kwa hiyo kama unahisi vijana wadogo wanakuwahi kwenye zile gemu za risasi, hujakosea, wanakuwahi kweli. Lakini dada yako aliendelea kusoma, na hapa ndipo niliposogeza kiti. Walikuta kwamba wenye umri mkubwa wanafidia. Wanachagua mbinu nyepesi, wanatumia njia za mkato za kutoa amri, mkono unahangaika kidogo na kazi inafanyika.

Nikamkumbuka hapo hapo yule fundi baiskeli wa nyumba ya pili. Alikuwa akija baada ya Isha, mikono ina grisi hata baada ya kuinawa, na mimi nilikuwa nampa kitambaa kabla hajashika pedi. Hakuwahi kupiga chenga hata moja. Pasi, pasi, anarudisha nyuma kwa beki, pasi tena. Vijana wanamkimbilia kwa pupa, wanaacha mwanya, anaingiza mpira mmoja, moja bila, anashika mpira mpaka filimbi. Walimchukia! Walisema hachezi, analinda. Lakini foleni ilipokuwa ndefu yeye ndiye aliyekaa kitini saa nzima kwa shilingi mia ileile. Sasa naelewa kwamba mzee wa watu alikuwa anacheza kulingana na mwili wake, na alikuwa anaona raha kamili kwenye ile pasi ya nyuma. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Lakini sitaki uone kwamba ni umri tu. Kuna jambo sijawahi kukueleza.

Baba yako alipofariki, 2010, wewe ukiwa na miaka kumi na mmoja, nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Kibanda alikisimamia mjomba wako. Mchana watu walikuwepo, shangazi zako, majirani, wanapika, wanasoma Yasini, siku inakwenda. Usiku ndio ulikuwa mgumu. Kwenye droo ya baba yako kulikuwa na ile gemu ndogo ya matofali ya kijivu, inayotumia betri, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba ina gemu 9999 wakati ndani ni zilezile chache zinarudiwa kwa kasi tofauti. Alikununulia sokoni. Ulicheza siku mbili ukaitupa, ukasema haina watu.

Niliichukua. Kioo chake hakina taa, kwa hiyo niliegemeza simu ya tochi shingoni, nikazima mlio, nikajifunika shuka gubigubi ili shangazi yako aliyelala chumbani asinione. Mwanamke yuko eda anacheza gemu, ungesikia maneno. Kipande kinashuka, nakigeuza, nakitafutia nafasi. Mstari ukijaa unafutika, kinakuja kingine. Hakuna adui, hakuna mshindi, hakuna anayekuambia pole. Kila kipande kilikuwa na mahali pake na nilipewa muda kidogo tu wa kupaona, na katika ule muda kidogo sikuweza kuwaza kitu kingine chochote. Mtu aliyetunga mchezo huo, Tetris, ni Mrusi, Alexey Pajitnov, aliutunga Moscow mwaka 1984. Mjane wa Ngamiani hakuwemo mawazoni mwake. Lakini ile saa nane ya usiku alinishika mkono kuliko wengi waliokuja na maneno mazuri.

Miaka miwili baadaye niliitoa tena kwenye droo, nikatia betri mpya, mchana kweupe, mlio nimeuwasha. Dakika tano nikachoka.

Kwa hiyo mwanangu, ukiniuliza kwa nini hizo gemu ulizonunua hazikukai moyoni, mimi nauliza kwanza unatoka wapi unapoziwasha. Unatoka kazini saa kumi na mbili, unasimama kwenye basi la mwendokasi huko Dar es Salaam mpaka Kimara, unafika saa mbili usiku hujala. Halafu unaweka gemu ambayo kazi yake ni kukufukuza, kukupigia kelele, kukupa amri na kukuhesabia muda. Mchana kutwa umefukuzwa, umepigiwa kelele, umepewa amri. Mwili umeshiba hayo. Ulipokuwa na miaka kumi hakuna aliyekufukuza popote zaidi ya mimi kukufukuza uende madrasa, ndiyo maana kufukuzwa kwenye kioo kulikuwa kutamu.

Na ndiyo maana sikushangaa uliponiambia lile lingine, kwa sauti ya chini kama unayekiri kosa, kwamba kuna gemu moja tu umeicheza mpaka mwisho wa mwezi na ni ya kilimo. Nilimwomba dada yako anitafutie. Stardew Valley, ya mwaka 2016, kazi ya kijana mmoja wa Marekani, Eric Barone, aliyekaa zaidi ya miaka minne akiitengeneza peke yake, picha yeye, muziki yeye, maneno yeye. Nimeangalia mwanzo wake kwenye simu. Kijana anafanya kazi ofisini, amebanwa, anafungua droo, anatoa barua aliyoachiwa na babu yake afungue siku atakapolemewa na maisha. Babu amemrithisha shamba. Anaondoka, anafika, anapewa mbegu 15 za mboga fulani ya mizizi, mfano wa karoti nyeupe, anazipanda, anamwagilia, baada ya siku nne anavuna.

Ulisema unaona aibu kwa sababu marafiki zako wanaita gemu ya kike na ya wazee. Mimi nilipoiangalia nilikuona wewe shambani kwa babu yako Muheza, una miaka minane, umekaa chini ya mchungwa umetupa jembe, unalia kwamba jua kali. Sasa unamwagilia mboga saa nne ya usiku kwa hiari yako, na unaniambia unalala vizuri siku hizo. Usiifiche, baba. Hilo jembe umelishika ulipokuwa tayari kulishika.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Pale kibandani waliokuwa wakicheza walikuwa wanne, na waliosimama nyuma yao walikuwa kumi na watano. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni, najua. Wengine hawakuwa na hata shilingi hamsini, walikuja kutazama, na walikuwa na furaha sawa na wenye pedi, pengine zaidi. Goli likiingia ilikuwa kelele ya watu ishirini. Sasa una kioo kikubwa kuliko televisheni zangu mbili pamoja, una mashine inayofanya maajabu, na nyuma yako kuna ukuta na shati limetundikwa msumarini. Mashine haiwezi kukuletea wale kumi na watano. Nadhani nusu ya ile ladha unayoitafuta ilikuwa inatoka mgongoni kwako, na hukuwa umegeuka kuiona. Ulikuwa na haki siku ile uliyoitupa gemu ya matofali. Haikuwa na watu, na wewe ulihitaji watu. Yule jirani yako wa chumba cha mbele, dereva, umewahi kumkaribisha akashika pedi ya pili? Pedi ya pili unayo? Kama huna, inunue hiyo kabla ya gemu nyingine yoyote.

Hili la mwisho ni kwa ajili ya mpwa wako. Ulipokuja mwezi wa tano ulimnyang'anya simu ya mama yake, ukamwambia Subway Surfers ni upuuzi, mtoto anakimbia tu kwenye reli hafiki popote, akacheze gemu za maana. Alinyamaza, lakini ulipoondoka aliniuliza, "Bibi, gemu ya maana ni ipi?" Ana miaka saba. Anataka kugusa kitu kiitike: ateleze kidole, yule mtoto aruke treni, sarafu zilie, aanguke, aanze tena. Wewe ulikandamiza pedi sakafuni kwa viganja. Hakuna aliyekuja kukwambia Eddy Gordo ni upuuzi, na kama angekuja mtu mlangoni kwangu kusema hivyo ningemrudisha alikotoka. Mpigie simu umuulize amefikisha ngapi. Atakueleza kwa nusu saa, na utamsikiliza.

Ile PS2 moja bado ipo, kabatini, nimeifunika kwa khanga. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi akabadilisha lensi, na televisheni ya chogo nayo inawaka, ingawa rangi imeegemea kijani upande mmoja. Juzi usiku, watu wamelala, nilichomeka ile memori kadi yako ya MB 8 kuona kama kazi yako imesalimika. Imesalimika. Uko msimu wa nne, nafasi ya pili, Castolo anaongoza kwa mabao, na mechi inayofuata ni ugenini kwa Merseyside Red, ile Liverpool yenu ya jina la bandia. Nilisoma majina yote ya kikosi, sikubonyeza kitu, nikazima.

Iddi hii usikose. Ukipanda basi la asubuhi utafika stendi ya Kange kabla ya Alasiri, mpwa wako na mimi tutakuja kukupokea. Nimewaambia wawili katika wale wenzako wa zamani, mmoja sasa ana watoto mapacha, na fundi baiskeli nimemwambia pia. Ameuliza kama atapewa kitambaa cha kufutia mikono.

Mama yako akupendaye,
Ngamiani, Tanga